Mashine ya Msambweni Isiyowasha Macho

Niliondoka Waa kwa sababu ya mke wangu, Mwanamisi. Moshi wa mashine yangu ya kusaga mahindi ulimkohoza miaka mingi, nami nikimjibu kwamba moshi huo ndio unaotulisha. Mwishowe akaenda kukaa Msambweni kwa kaka yake, Bakari. Naye Bakari anasaga, ila watu husema mashine yake haiwashi macho. Nikataka kujua anavyofanya, kisha nimrudishe mke wangu nyumbani.

Ukunda nilishuka kununua halua, nisimwendee mikono mitupu.

Msambweni nilifika kabla ya adhuhuri. Bakari alinipokea akicheka.

"Karibu, mwamu. Umekuja kwa dada au kwa injini?"

"Kwa vyote viwili."

"Basi anza na injini. Hiyo haina hasira."

Alinionyesha pampu ndogo inayonyunyiza maji, laini kama ukungu, kwenye hewa inayovutwa na injini. Maji yale hupunguza joto mle ndani, alisema, na joto likishuka, ile hewa kali inayowasha macho hupungua. Moshi mweusi alikuwa ameshaupunguza kwa kusafisha nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini.

Nikamwambia nami niliwahi kuitilia yangu maji, bila pampu, vali zikaliwa na kutu.

"Ulitia maji gani?"

"Ya kisimani."

"Kisima cha Waa? Mwamu, maji yale ya chumvi hata chai inayakataa. Tia ya mvua."

Baada ya chakula Mwanamisi alileta kahawa. Alikuwa amenenepa kidogo, na hakukohoa hata mara moja. Nilimweleza pampu, nozeli, maji ya mvua, yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," akasema. "Lakini mimi sikukuomba uinyunyizie maji. Nilikuomba uitoe dirishani pa chumba tunacholala."

Kweli aliniomba, tena si mara moja.

"Nikiitoa, utarudi?"

"Itoe kwanza, baba Riziki."

Nilirudi Waa jioni ile, na asubuhi nikaanza kufungua nati. Sasa mashine iko kando ya barabara, nayo ina pampu na pipa la maji ya mvua, wasije wapita njia wakakohoa kwa sababu yangu. Kufunga pampu nilijifunza safarini. Lile jingine sikuhitaji nauli kulijua. Niliambiwa nyumbani kwangu, kitandani, na mtu aliyekuwa akikohoa.

Nimempelekea salamu kwamba dirisha sasa hushinda wazi. Jibu bado.