Picha Iliyohamisha Mpaka

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya mto wetu hapa Kasese, nzuri kweli, kisha ukaniambia kwa furaha kwamba palikuwa na nguzo ya umeme ukaifuta kwa kidole. Nikanyamaza. Ukadhani mzee hajui mambo ya simu. Sikunyamaza kwa kutojua. Nilikumbuka kwamba mimi nami niliwahi kufuta, ila enzi zangu kufuta kulihitaji jembe. Kaa basi, nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukueleza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi mgodini, na mgodi ulipolala yeye akabaki, nasi tukabaki naye kwenye kota, zile nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Mimi nilipata ukarani kwenye mzani wa malori katika kiwanda cha saruji. Fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliniachia kamera yake, na tangu siku hiyo sikushikika. Jumapili wenzangu wakienda kanisani, mimi huyo kandokando ya mto na kamera shingoni. Nilipiga madaraja ya chuma, mitambo iliyoshika kutu, malori meupe kwa vumbi, kina mama wakianika nguo juu ya mawe. Watu waliniita Dada Picha, na jina hilo nililipenda sana, nisikudanganye.

Filamu ikijaa niliipeleka Bwera kwa Papa Kasereka, mzee wa Butembo aliyekuwa na studio ndogo karibu na mpaka wa Kongo. Yeye ndiye aliyenisafishia picha zangu zote, na kila mkanda aliuhifadhi katika bahasha yenye jina langu. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena ya Kiswahili cha kwao Kongo. Picha ikiwa mbaya alinipa bila kuniangalia usoni.

Sasa, ukingoni mwa mto aliishi mjane mmoja, Mama Masika, mwenye shamba la migomba na maharage. Jirani yake aliitwa Baluku. Kati ya mashamba yao palikuwa na mimea mitatu ya mpaka, ile ya majani marefu ambayo huku watu hupanda kugawa ardhi. Wewe umekulia hapa, unajua kwamba mimea hiyo haiguswi. Mimi nilijua kwa kusikia tu. Sisi watoto wa kota hatukuwa na shamba. Kwetu mpaka ulikuwa ukuta wa nyumba, na ukuta ulikuwa mali ya mgodi.

Kanisa liliomba picha za kupamba ukumbi kwa ajili ya sikukuu. Mimi nikataka ile ya pale mto unapopinda, majengo ya mgodi nyuma, na theluji ya Rwenzori juu yake. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamefunguka, jambo ambalo halitokei kila wiki. Nikapiga moja. Lakini mimea mitatu ilisimama katikati kabisa, inaziba kona ya mto. Mama Masika alikuwa kanisani, Baluku naye kanisani. Nikachukua jembe lililoegemezwa kwenye mgomba, nikaing'oa ile mimea taratibu na udongo wake, nikaisimamisha hatua kumi upande wa Mama Masika, ili ikae pembeni mwa picha. Nikapiga ya pili. Kisha nikairudisha palepale ilipotoka, nikaimwagilia hata maji ya mtoni. Waliporudi kutoka kanisani Mama Masika alinipa muwa, nikala huku nikicheka naye.

Ile ya pili ndiyo iliyotundikwa ukumbini. Watu waliangalia theluji, nani aangalie mimea? Mama Masika mwenyewe alifurahi kuona migomba yake ukutani. Kichwa changu kilivimba, mwanangu, nikawa natembea mjini kama mtu aliyeujenga ule mlima.

Mwaka uliofuata mto ulifurika. Mvua ilinyesha milimani, huku chini jua likiwaka, na maji yakaja yakivingirisha mawe makubwa kama magari. Upande wetu hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini jiko la Mama Masika lilikwenda, migomba ilikwenda, na mimea ya mpaka ilikwenda. Maji yalipopungua, pote palikuwa mawe matupu isipokuwa kipande kimoja chenye udongo, hatua kumi hivi kwa upana. Mama Masika alisema ni chake. Baluku akasema ni chake. Kwa Baluku, aliyekuwa na shamba lingine mlimani, kipande kile kilikuwa nyongeza. Kwa Mama Masika ndicho kilichobaki duniani.

Wazee wa kijiji wakaketi palepale kwenye mawe. Mtu mmoja akakumbuka picha ya ukumbini, ikaletwa. Mwenyekiti akaniita mbele.

"Dada, ni wewe ulipiga hii picha?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Uliipigia hapa hapa, kabla ya mafuriko?"

"Ndiyo."

"Na hii miti tatu ni ya mpaka?"

"Ndiyo."

Majibu matatu, yote ya kweli. Lakini nilijua nimesema uongo. Niliogopa aibu. Niliogopa kuitwa mtu aliyeng'oa mpaka, tena mtoto wa wageni. Nikajiambia nitasema baadaye, nikiwa peke yangu na Mwenyekiti.

"Picha haina shamba hapa," Mwenyekiti akasema, kwa kuwa pichani kile kipande kilikuwa upande wa Baluku. "Haitaki kitu kwa mtu. Mama, angalia mwenyewe."

Mama Masika akaichukua, akaiangalia muda mrefu sana. "Mimi nimepanda maharage pale miaka kumi na tano," akasema, sauti ikimshuka. Akaangalia tena. "Lakini kweli, miti iko hapo. Basi labda ni mimi nimesahau."

Baluku hakuwa mwizi, na hilo nataka ulishike. Aliiamini picha kama walivyoiamini wengine. Wazee wakaniagiza nikalete nakala kubwa, iwekwe pamoja na barua ya uamuzi, tukutane tena Jumamosi.

Nikapanda teksi kwenda Bwera. Papa Kasereka akatoa bahasha, akainua mkanda dirishani. Kisha akaniita.

"Binti, kuja uone. Hapa majani iko katikati. Hapa iko pembeni. Asubuhi moja, jua moja. Majani ilitembea?"

"Nilitaka picha iwe nzuri, Papa."

"Na sasa foto kubwa ni ya kazi gani?"

Nikamweleza yote. Akavua miwani, akaiweka mezani, na mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Miye napiga foto tangu ningali kijana. Batu bananiomba nifute kovu, nifute mimba, nifute bwana ule alikimbia. Nakatala. Unajua juu ya nini? Foto itabaki, miye nitakufa, na hakuna mutu atasimama aseme, Kasereka alikuwa anacheza tu."

"Lakini nilirudisha mimea siku ileile, Papa."

"Kwa udongo ulirudisha. Kwa foto uliacha." Akaukunja mkanda. "Ile mama iko na akili muzima, na weye umemufanya aone kama akili imemutoka. Ile ni mubaya kuliko shamba."

Akanitolea zote mbili, saizi moja, akazitia katika bahasha moja. "Utapeleka gani, ni weye na Mungu," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Njia nzima bahasha ilikuwa mapajani. Tulipofika njia panda ya Kikorongo nilifungua dirisha, nikataka kuitupa ile ya kweli. Ninakuambia hili ili usije ukadhani nilikuwa mtu mwema aliyeteleza kidogo. Nilishaishika mkononi. Abiria wa nyuma akalalamika vumbi linaingia, nikafunga.

Jumamosi nilifika nikiwa nimejikaza kusema. Nikakuta watu wanacheka. Hakuna kesi, wakaniambia. Alhamisi Mama Masika alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Baluku, akapiga magoti mbele ya Baluku, mkewe na watoto wao, akaomba msamaha kwa kumsingizia jirani yake. Baluku alimwinua, wakanywa chai, yakaisha.

"Leta tu picha tuweke kwa faili, twende nyumbani," Mwenyekiti akaniambia.

Mwanangu, hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyenishuku. Ningetoa picha moja, nikarudi nyumbani nikiwa bado Dada Picha. Nikamwangalia Mama Masika. Alikuwa amekaa mbali na wenzake, kitenge amekivuta hadi kidevuni, na haangalii mtu. Alikuwa mwanamke wa kelele na vicheko, na sasa amekaa kama mgeni kwenye ardhi yake. Machozi yakanitoka kabla ya maneno. Nikatoa picha zote mbili, nikaziweka juu ya jiwe, nikasema yote, jembe na hatua kumi na maji niliyomwagilia.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningefurahi wangenipigia. Mzee mmoja aliokota ile niliyoipiga kwanza, akaigeuzageuza, akauliza bila hasira, "Na hii nayo tutajuaje kama si uongo?" Picha ya kweli ilikuwa mbele yao, na kwa sababu yangu haikufaa kitu.

Aliyetuokoa ni Baluku. Alisimama, akatembea juu ya mawe hadi mwisho wa kile kipande cha udongo, upande wa shamba lake, akachomeka kijiti. "Mpaka ulikuwa hapa," akasema. "Nilikuwa najua. Nilipoona picha kule ukumbini nikasema, picha inajua kuliko mimi." Kisha akamwendea Mama Masika, yeye mwanamume na mvi zake, akapiga magoti.

Watu walipotawanyika nilimfuata Mama Masika kumwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana.

"Sikuwa nalia shamba," akasema. "Nilikuwa nalia kichwa yangu. Nilikuwa naamka naogopa hata majina ya watoto wangu, nasema, hii nayo labda nimesahau."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukasalimiana kila siku, hata muwa alinipa tena. Lakini kila nilipoinua kamera aligeuza uso, kwa adabu, bila kusema neno, nami sikuthubutu kumwuliza. Sina picha yake hata moja.

Basi ninakuomba, mwanangu, upige picha. Piga mto, piga viwanda, piga na nguzo ya umeme, kwa maana ipo na inawasha taa za watu. Siku moja picha yako itatazamwa na mtu usiyemjua, akitafuta ndani yake jambo ambalo wewe hukulifikiria hata kidogo, na hutakuwepo kumwambia ulikuwa unapamba tu. Ukiisha kukosea, sema siku hiyohiyo ukiwa bado umeshika jembe, usingoje upate ujasiri, maana mimi nilingoja siku chache tu, na ndani ya siku hizo mtu asiye na kosa alipiga magoti. Na ukisimamishwa kuulizwa, usijifiche nyuma ya "ndiyo" zilizo za kweli. Sema lile ambalo hawajajua kukuuliza.

Mungu ayalinde macho yako na kuutuliza mkono wako. Akupe kazi itakayokupendeza na watu watakaokuamini. Na ukizeeka, akujalie uketi na mtoto wako mbele yako, kama nilivyoketi mimi hapa, pasiwe na mtu hata mmoja wa kumkumbuka aliyepiga magoti kwa kosa lako.