Ukuta wa Nne

Bilkisi Swedi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake: hakuamini kitu mpaka akione kwenye skrini. Baba yake, mwenye malori mawili ya kwenda Dilolo, alijinyima kumsomesha kompyuta, na binti akapata kazi nje kidogo ya Kolwezi, kwenye kiwanda kinachosafisha upya matope ya machimbo ya zamani. Alilinda bwawa la matope miaka miwili bila kulikanyaga hata mara moja. Wasomi bwana.

Bwawa lilikuwa na kuta saba za udongo, kila ukuta na vipimo vyake vya maji yanayopenya. Programu moja ilikusanya namba zote ikazifunga katika ujumbe mmoja: kasha kubwa, ndani yake kasha la kila ukuta, ndani ya hilo kijikasha cha kila kipimo. Programu ya pili, aliyoiandika Bilkisi kwa lugha ya C, ilipokea ujumbe, ikafungua makasha moja moja, na ikikuta namba mbaya ilipiga king'ora.

Maktaba ya C aliyoitumia, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa, haina mzaha. Ukiingia kwenye kasha, soma kilichomo, ruka usichokijua, toka, ndipo uingie jingine. Makasha yakiisha inakujibu sifuri. Ukikosea inakujibu namba iliyo chini ya sifuri. Bilkisi aliandika kwa haraka: endelea maadamu jibu limezidi sifuri. Hakufikiria kwamba kwa maneno hayo kosa na mwisho wa kazi vitakuwa kitu kimoja.

Mwezi wa sita mafundi walifunga kipimo kipya kwenye ukuta wa tatu. Hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo taa ya kijani kwenye skrini, dalili ya usalama, haikuzimika, naye akajisifu kwa hilo.

Siku moja ya Agosti, saa nne asubuhi, shangazi yake Hawa alimletea lengalenga, mchicha wa huko, mlangoni pa kiwanda. Hawa na wanawake wenzake walilima bondeni, chini ya kuta. Majani yalikuwa mapana, mabichi kabisa, na mvua ya mwisho ilinyesha Aprili.

"Shangazi, mayi munatosha wapi?" Bilkisi aliuliza anakoyatoa maji ya kumwagilia.

"Mi simwange hata mayi, mutoto wangu. Pale chini ya ukuta ya ine udongo yenyewe inatosha mayi. Miguu inazama. Ni Mungu anatuonea huruma."

Hawa akaondoka kurudi shambani, anacheka. Bilkisi alibaki na fungu la mboga mkononi, akiwaza: ukuta wa udongo ukivuja chini, uko karibu kubomoka. Akapanda ofisini. Taa ilikuwa ya kijani. Akamwita tata Muteba, mkuu wa zamu.

"Machine inasema bien, mama," alisema Muteba, akionyesha taa ya kijani. "Unatafuta nini tena?"

Ilikuwa mara ya kwanza skrini kutomtosha. Akauchapisha ujumbe wenyewe, mzima, kabla programu yake haijaugusa. Kuta saba zilikuwemo. Kisha akatazama zilizosomwa: mbili. Kwenye ukuta wa tatu programu ilikutana na kipimo isichokijua, ikajibiwa kosa, ikadhani imemaliza. Majuma tisa hakuna aliyeusoma ukuta wa nne.

Akaandika mstari wa kuruka kisichojulikana, na mwingine wa kutofautisha kosa na mwisho, akawasha upya. Namba ya ukuta wa nne ikatokea, mara tatu ya kiwango cha hatari, na king'ora kikalia kiwanda kizima.

Akampigia Hawa simu.

"Shangazi, unasikia sirene?"

"Minasikia. Leo banatoka kula mapema. Tunafunga mboga mbio tulete ku mulango."

Bilkisi akaelewa. Kiwanda kilikuwa na king'ora kimoja tu, na bondeni kilijulikana kwa kazi moja: kuwaita wauza chakula.

"Apana, shangazi. Mupande ku kilima. Muache mboga."

"Mboga tuachie nani? Tina na bamama benzake ba shamba bako mbele mu njia tayari."

Simu ikakatika. Chini, wafanyakazi walikuwa wakitoka taratibu, wakinawa mikono. Bilkisi akakimbilia dirishani akawaona wanawake kumi na mmoja, mabeseni kichwani, wanaharakisha kwa njia ya mkato inayopita chini ya ukuta wa nne.