Mzee Girish na Nyumba Yangu ya Pinki

Mzee Girish alikuja Morogoro kutoka Bombay mwaka sabini na moja kumwoa Savita, binti wa mwenye duka la vitambaa. Kwao alikuwa akijenga na kupaka rangi nyumba za kuigizia filamu, zile za zamani zisizo na rangi. Filamu ishirini na mbili, bwana! Ukimuuliza jina lake limeandikwa katika ipi, anakohoa. Zote aliandikwa bosi wake. Basi sisi wa Bigwa tukamwona fundi rangi mwenye maneno mengi, na mimi Felista, ninayempelekea Savita mchicha, ndiye niliyeongoza kwa kumcheka.

Mwaka jana akaja Joseph, kijana wa miwani mikubwa, anatengeneza filamu isiyo na rangi kuhusu maisha ya zamani. Akaomba nyumba yangu, akamchukua na mzee aiandae.

"Nataka jina langu liandikwe mwishoni," mzee akamwambia. "Mara moja tu, kabla sijafa."

Joseph akaapa mbele yetu sote.

Narudi kutoka shambani, Yesu na Maria! Kuta pinki, mlango kijani, madirisha zambarau.

"Mzee Girish, shikamoo, lakini umerukwa na akili?"

"Marahaba. Nyeupe inaumiza jicho la kamera, Felista. Subiri."

Nisubiri nini, na watu wanapita kwangu kupiga selfi? Nilimsema wiki nzima mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kuonyesha filamu tukajaa ukumbini mjini, mzee kavaa suti ya harusi yake. Taa zikazimwa. Jamani! Kwenye skrini isiyo na rangi, ile pinki ilikuwa chokaa kuukuu, na mlango ulikuwa mbao iliyopigwa na mvua miaka mingi. Ilikuwa nyumba ya marehemu mama yangu, vilevile alivyoiacha. Nililia bila aibu.

Yakaja majina. Mwongozaji, Joseph. Mwandishi, Joseph. Mandhari, ile kazi ya mzee, Joseph! Hata mchemsha chai aliandikwa. Mzee alisoma mpaka skrini ikabaki tupu.

Savita akamfuata Joseph palepale. "Jina la mume wangu liko wapi?"

"Aa, mama, tulipitiwa. Filamu ijayo tutamweka. Usijali, mzee wangu."

"Ijayo lini?" akauliza Mzee Girish, kwa upole kabisa. "Mimi nina miaka themanini na nne."

Joseph alikuwa ameshageuka apigwe picha. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikamshika tu mzee mkono, tukatoka naye.