Mwenye Kuvuta Mukono ya Déo

Kwetu Muheto, mugonjwa mwenye hawezi kutembea anabebwa mu kipoyi, machela ya miti, wanaume wane wanaiweka ku mabega. Ukikataa zamu yako, siku yako utajibeba. Bwana yangu Déo hakukataaka hata mara moja. Na ile mukono yake ya kuume njo ilikuwa inatulisha: jembe, panga, yote.

Mwezi wa ine Déo na wenzake walibeba jirani yetu, Mama Thacienne. Ku muteremuko mwenzake mumoja akateleza, kipoyi ikaenda upande, Déo akaidaka na mukono moja, ile ya kuume. Akasikia kitu inapasuka sawa kitambaa ya kikwembe. Akaangalia blanketi ya mugonjwa: nzima. Akaangalia mugonjwa: amekwisha kukata roho, macho wazi, yanamutazama yeye.

Tangu ile siku mukono ikakataa. Mie nikiiinua, inapanda laini mpaka juu. Nikiiachilia, pu! inaanguka.

«Laetitia, ni Mama Thacienne,» Déo akasema. «Anashikilia.»

Nikamutukana. Sisi ni watu wa kanisa, bwana! Lakini siku moja namuvalisha shati, bega ikalia tak, na mie mwenyewe nikaomba marehemu musamaha. Niliogopa sana, sifichi.

Papa Akilimali, mukandaji wa mifupa, akatuambia: marehemu akivuta chini, na nyinyi muvute juu. Basi kila asubuhi, maji ya moto, nashika kiganja, nakaza muguu ku ukuta, navuta. Déo analia. Namuambia: «Vumilia, ataachilia!» Miezi saba.

Jembe ikamushinda kabisa, njo tukaenda ku santé, kituo ya afya. Infirmière Gaëlle, muuguzi wa pale, akapapasa bega polepole.

«Mufupa ya hapa inashikwa na kano ine,» akasema, «kamba zenye kufunga nyama ku mufupa. Moja ilipasuka siku ya kipoyi, pengine kidogo tu. Ingepumzishwa, ingeweza kupona. Sasa imekatika yote, imejirudisha ndani. Hata kuishona itakuwa ngumu. Papa Déo, hakuna muntu anashika hii mukono. Hakuna kitu inaishika tena.»

«Lakini kila asubuhi nilikuwa nasikia inakatika,» Déo akasema.

«Asubuhi mulikuwa munafanya nini?»

Nikashika kiganja yake, nikaweka muguu ku ukuta, nimuonyeshe.

«Mama, acha!» Gaëlle akapiga kelele.

Déo akaniangalia. Miezi saba alikuwa anamuogopa Mama Thacienne. Sasa alikuwa ananiogopa mie.