Kaka alimtajia Baba mwisho wa riwaya, na mpaka leo sijamsamehe

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira, mkikuta neno kali mnivumilie. Ila chumvi sijatia. Haya yametokea nyumbani kwetu Mbagala na wahusika wote wapo.

Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, mzee wa kanisa, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda kimoja Chang'ombe. Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Maneno yanatoka, lakini yanaburuta.

Kilichoniuma si mkono. Ni kwamba Baba aliacha kuongea.

Mtu aliyekuwa akisoma matangazo kanisani bila kipaza sauti, sasa wageni wakija anajifanya amelala. Anaona aibu. Na hospitali walituambia wazi kwamba asipoongea, ulimi utazidi kuganda. Tukabembeleza weee, wapi.

Sasa nije kwenye vitabu.

Mimi ni karani. Bosi wangu ni Mhindi, na binti yake alipokwenda kusoma nje aliniachia boksi lenye riwaya tano za Kiingereza, kila moja nene kama tofali. Zile za falme na majoka, wenyewe mnaziita fantasy. Jioni moja nikaanza kumsomea Baba, namtafsiria hapo hapo kwa Kiswahili. Nilichotaka ni nyumba isikae kimya tu.

Hadithi yenyewe ni ya binti wa mhunzi. Amebeba moto wa ukoo wake ndani ya chungu, anavuka milima kuurudisha ulikotoka. Koo tatu zinagombea ufalme na kila moja inautaka huo moto. Nyuma yake kuna joka.

Siku ya tatu nilikuwa nimechoka, nikaruka kurasa mbili za karamu ili niwahi kupika. Baba akafumbua macho.

"Umeruka."

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Nikarudi nyuma nikasoma karamu yote, mpaka sahani.

Kufika kitabu cha pili alikuwa ananisahihisha nani kamwoa nani. Mle ndani watu wa pwani na watu wa milimani wanatukanana kila wakikutana, mimi nikajua ni maadui. Baba akakataa. "Hao watani, kama sie na Wazaramo. Ngoja wafiwe, utaona." Kitabu cha tatu wakafiwa, na kweli wale wa pwani ndio waliokuja kuchimba kaburi, huku wanatukana. Baba alicheka mpaka nikamletea maji.

Ndipo nikaelewa kwa nini watu wanamaliza vitabu vitano vya namna hii. Ukikaa mle muda mrefu, wale watu wanakuwa majirani. Unaamka unawaza wamelala wapi. Baba anakunywa uji asubuhi, ananiuliza, "Binti kavuka mto?" Nilikuwa naingia chooni kulia kwa furaha.

Sasa kaka yangu Elias. Ndiye mkubwa wetu, anakaa Mikocheni, huwa anakuja Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo akamkuta Baba ananibishia habari za joka. Badala ya kufurahi kwamba mzee anabisha, akakunja uso.

"Mzee wa kanisa na majoka? Unamgeuza Baba mtoto."

Nikaenda jikoni kuepua wali. Narudi namkuta na simu mkononi, anamwambia Baba, "Usihangaike, nimeangalia mtandaoni, dakika tano tu. Moto unafika, huyo binti anakufa. Imeisha. Tusome Neno sasa."

Tulikuwa katikati ya kitabu cha tano.

Wakuu, nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii kaka yake, na sijuti. Baba akageukia ukutani.

Wiki mbili hakusema kitu. Nikifungua kitabu anafumba macho. Kwenye uji haulizi tena habari za binti. Kaka akapiga simu eti alikuwa anataka kusaidia. Kumsaidia nani? Miezi minane ya Baba kaifuta kwa dakika tano, na bado anajiona ana akili kuliko sisi. Nikamkatia simu.

Jumapili ya tatu akaja, amenuna. Tumekaa tu, Baba akasema, "Leta kitabu."

Nikamwambia, "Baba, si mwisho umeshaambiwa?"

Akanitazama kama anamtazama mjinga. "Babu yako nilivyokuwa namuuguza, mwisho sikuujua? Nilikaa naye."

Halafu akamgeukia Kaka. "Na wewe kaa."

Kaka akakaa na shati lake la kanisani. Nikasoma. Kurasa nne hivi, Kaka akauliza, "Sasa huyu mama mwenye mbuzi ni nani?"

Nikanyamaza makusudi kabisa.

Akajibu Baba. Akaanzia kitabu cha kwanza, koo zote tatu, ndoa, misiba, mpaka ule utani. Ulimi unaburuta, mate yanamtoka, anajifuta anaendelea. Karibu saa nzima. Kaka akasogeza kigoda mpaka goti likagusa kitanda ili asikie. Akawa anauliza maswali huku machozi yanamtoka.

Sikumhurumia. Ile sauti aliyokuwa anaililia, yeye ndiye aliyeinyamazisha wiki mbili.

Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa akipata kitu kinachomfanya afungue mdomo, usikipime kwa akili zako wewe mzima. Hata kiwe joka.

Kaka ameomba awe anakuja na Jumatano. Nimemwambia nitafikiria.

Waliouguza wazazi, hebu semeni nyie mliwashikisha nini. Na wapenzi wa vitabu hivi naomba majina ya vingine, vinene haswa. Zimebaki kurasa tisini, na Baba ameagiza kuanzia sasa tusome mbili tu kwa siku.