Themostati, Dawa na Dume la Mjomba

Miaka ya sabini, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilirudi likizo kwetu Mhunze, Kishapu, nikiwa na ugonjwa wa kujua kila kitu. Nilikuwa nasoma uchumi. Lakini nilikuwa pia nimesoma sura moja na nusu ya kitabu cha magari ya mashindano, na ile nusu ndiyo iliyonipa kiburi.

Mjomba alikuwa na pikapu. Jirani yake, mchuuzi wa ng'ombe, naye alikuwa na pikapu. Usukumani hilo ni tatizo. Ngoma zetu hushindana, wakulima hushindana kwa jembe, basi na pikapu zikapangiwa siku: raundi tano kuzunguka mbuga, ambayo kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu. Atakayeshindwa atoe dume la ng'ombe. La mjomba lilikuwa dume jeusi lenye nundu, na alilipenda kuliko alivyotupenda sisi.

Nilipochungulia injini nikaona haina themostati, kile kidude cha shaba kinachoziba njia ya maji mpaka injini ipate moto, kisha kinafunguka ili maji yaende kupoa kwenye rejeta. Fundi wa pale alikuwa anaking'oa kwenye kila gari linaloletwa kwake.

"Kijana, hapa injini ikitaka joto unaiegesha juani," aliniambia.

Nikamhutubia. Injini ikiwa baridi mno inakula petroli na kupoteza nguvu. Wenye magari ya mashindano hawang'oi themostati, wanachagua inayofunguka mapema.

"Na hao wanaishi Kishapu?"

Mjomba akakata shauri. "Serikali imemsomesha. Muwekee, na sisi tuonje."

Fundi akatoa themostati moja kati ya alizong'oa. Nikaipima kwanza, nikaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Mke wa mjomba akachungulia.

"Mnapika vyuma sasa? Na mboga yake nini?"

Ilifunguka vizuri kabisa. Nililala usingizi wa profesa.

Jumamosi tuliongoza raundi tatu, mimi nikiwa kando ya mjomba nikipungia watu mkono kama mkuu wa mkoa. Raundi ya nne mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, tukasimama katikati ya mbuga. Jirani akatupita akipunguza mwendo.

"Mnachemsha chai? Nikizunguka tena nitaleta sukari."

Watu wote wakamkimbilia mshindi. Fundi peke yake akaja kwetu; tukabaki watatu, naye akafungua injini. Mdomo wa themostati ulikuwa umezibwa na uji mzito wa kijani wenye vipande vya magome. Tukamtazama mjomba.

"Dawa ya kupoza tu, niliitia kwenye rejeta," alisema. "Nani anaingia uwanjani mikono mitupu? Mganga alisema vijiko viwili."

"Ukatia vingapi?" fundi akauliza.

"Kopo zima. Raundi zilikuwa tano."

Fundi akajifuta mikono taratibu. "Bila themostati, dawa ingepita. Bila dawa, themostati ingefanya kazi. Mmesaidiana."

Mjomba hakuweza kulipeleka dume mwenyewe. Alinikabidhi kamba bila kunitazama, akaingia ndani. Nikaliswaga peke yangu, msomi wa taifa, huku likisimama kila kichaka kula na mimi nikilibembeleza kwa Kisukuma kilichoanza kunitoka kichwani.

Jirani alilipokea, akalipapasa nundu kwa adabu. Kisha akanivuta pembeni.

"Mpwa, tuseme ukweli. Raundi tatu mliniacha vumbini. Ilikuwa kile chuma chako, au mjomba wako ana dawa?"

Nilimtazama, nikalitazama dume.

"Vyote viwili," nikasema. "Kimoja bila kingine hakifanyi kitu. Na dawa usiipunje."

Akashukuru sana. Kabla sijaondoka alikuwa ameshakubali marudiano, dume lilelile likiwa dau.