Mjane wa Kiingereza

Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa na mtindo wake. Wanafunzi wake, wote watu wazima, aliwapa hadithi fupi waimeze yote neno kwa neno, na kila mmoja aliisimulia kana kwamba yalimkuta yeye mwenyewe. Alidai Kiingereza hakimwingii mtu mpaka akiseme kwa nafsi yake. Hadithi ya safari hii ilimhusu mwanamke aliyefiwa na mume, akajikaza, akafungua duka la mikate. Ilijaa misemo ya Kiingereza. Mume wa humo hakufa hivi hivi kama watu wengine, alipiga ndoo teke, na darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Mama Pasi, kama walivyomwita hotelini kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka, aliishika hadithi hiyo barabara. Aliisema akiosha vyombo, akaisema akimpokea mumewe, seremala, anaporudi na vumbi la mbao kichwani. Mume hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini aliketi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamhakikishia kwamba mapokezi ni yake. Maana hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Nafasi ya mapokezi ilikuwa wazi, na Mama Pasi alikuwa amechoshwa na joto la pasi.

Siku ya usaili meneja alimtaka, kwa Kiingereza, aeleze habari zake. Swali alilielewa vizuri. Tatizo ni kwamba maneno yote yalimpotea, akabaki na yale tu aliyoyameza. Akafungua mdomo, hadithi ikatoka yenyewe, mume, ndoo, machozi, kujikaza, na alipokaribia duka la mikate ndipo aliposhtuka akanyamaza. Meneja, mama mkali asiyecheka na mtu, alikuwa amevua miwani. Alimshika mkono, akahamia Kiswahili.

"Pole sana, mdogo wangu. Mtu aliyepitia hayo yote na bado akajifunza, ndiye ninayemtaka pale mbele."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu, tena kwa lugha aliyozaliwa nayo. Mama Pasi akasema asante.

Tusimpambe, alijua anachokifanya. Alivaa sare mpya, na pete yake ya ndoa aliitia mfukoni kila asubuhi kabla ya kufika getini. Wenzake wa chumba cha kufulia walimlaumu kwa upole kwamba kumbe ni msiri kiasi hicho. Kila alipopewa pole aliona aibu, na bado alizipokea. Nyumbani nako mume alikuwa hana hadithi nyingine kwa majirani ila mke wake anavyoongea na wageni.

Jumapili moja alasiri mlango ukagongwa. Seremala alikwenda kufungua akiwa na fulana ya ndani na taulo begani, akamkuta meneja na wafanyakazi kadhaa, wamevaa kwa heshima zote. Meneja akaomba radhi kwa kuchelewa, akaeleza kwamba wamekuja kumpa mkono wa pole mwenzao aliyefiwa na mume.

Seremala akageuka. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya sebule na ufagio mkononi, uso umemshuka, anatamani ardhi ipasuke immeze. Mume aliutazama uso ule, kisha akawarudia wageni.

"Karibuni ndani," akasema. "Mimi ni kaka yake."

Akawaketisha kwenye viti alivyovitengeneza mwenyewe, akachemsha chai, akawamiminia mmoja mmoja. Walipompa pole aliinamisha kichwa, akaitikia kwamba wameshapoa. Meneja akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Seremala akakuna kidevu.

"Wa kawaida tu. Ila kwa huyu dada yangu, alikuwa hasikii haambiwi."

Mama Pasi akashindwa kuvumilia.

"Huyu ndiye mume wangu," akasema, macho sakafuni. "Sijafiwa na mtu. Ile ilikuwa hadithi ya darasani, ikanitoka. Nikaogopa kukosa kazi, nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Meneja aliweka kikombe chini polepole, akamwambia kesho arudishe sare, na wageni wakatoka wakiacha chai zao nusu.

Walipobaki wawili, seremala alianza kukusanya vikombe. Mama Pasi aliomba msamaha, akaomba tena. Aibu aliyoiona mbele ya meneja haikuwa kitu mbele ya hii. Alikuwa tayari kutukanwa, na pengine angepata nafuu kama angetukanwa. Mume akafika mlango wa jikoni, akasimama na sinia la vikombe.

"Sasa umewaambia ya nini?" akamuuliza taratibu. "Mimi nilishakubali kufa."